Binti wa miaka 10 anataka bunduki ya upepo ya klabu, nichukue ipi? Na hii mbovu ya pampu nifanyeje

Mtanga_KY

Wakuu salaam. Naombeni mawazo maana hapa kwangu wiki hii hapakaliki. Binti yangu Z ana miaka 10, tuko Kentucky, rafiki yake wa darasani yupo 4-H (klabu ya vijana) ya kaunti, mimi nilijua hao ni watu wa ndama na kuku tu kumbe wana na kitengo cha kulenga shabaha cha watoto, basi kaalikwa siku moja kwenda kuangalia, karudi hataki kusikia habari ya mpira wala kuogelea tena. Fomu ipo juu ya friji inasubiri sahihi. Mama yake anasema yeye alitoka Bukavu kwa ajili ya bunduki, hawezi kuja Marekani amnunulie mtoto bunduki. Na siwezi kusema hana hoja.

Mimi mwenyewe utaalamu wangu unaishia kwenye manati. Kulikuwa na mzee mmoja Muheza alikuwa na bunduki ya upepo ya kuvunja mtutu, yaani unaukunja chini kuikoki, ya kupigia njiwa, sisi tuliruhusiwa kuokota njiwa, kuishika thubutu.

Jumamosi nikaenda dukani kuangalia, rafu nzima. Ipo ya mbao yenye leva chini kama za sinema za makauboi, ipo ya plastiki unapampu mkono wa mbele, ipo ya kuvunja mtutu imeandikwa futi 1,200 kwa sekunde, maandishi makubwa kuliko jina la bunduki yenyewe, kijana wa dukani anasema chukua hiyo ndo yenyewe. Zote zimeandikwa .177 sasa tofauti ni nini?

Swali la pili. Mwezi uliopita kuna jirani alikuwa anauza vitu vyake nje nikachukua ya pampu dola 15. Ukipampu inatoa upepo chiiii, nilifyatua ikatoa goroli moja ikaanguka mita tatu mbele kama imechoka. Nimeipulizia WD-40 kila tundu, bado. Sasa hivi ni tupu, nimefyatua tena mara tatu haikutoa kitu, ipo kwenye kabati la makoti. Inatengenezeka mtoto aanzie hiyo au nitupe?

BabaMapacha

Kaka karibu kwenye ugonjwa. Wanangu wawili wamepita hiyo hiyo 4-H huku Arkansas, na mimi sasa mwaka wa tano nasaidia kusimamia mstari wa kupigia, kwa hiyo nitaandika ndefu unisamehe.

Kwanza usinunue kitu. Klabu nyingi zina bunduki zao, mtoto anakwenda na miwani yake na viatu vilivyofunga tu, mwache apige miezi miwili mitatu ndo utajua kama kapenda kweli au anamfuata rafiki.

.177 ni kipenyo, milimita 4.5, ila vinavyoingia humo ni vitu viwili. Kuna goroli, ya chuma, duara, imepakwa shaba au zinki, hiyo ndo BB wanayosema. Na kuna peleti, ya madini laini ya risasi, imeminywa katikati ina kiuno kama nyigu. Peleti inashika ile michirizi ya ndani ya mtutu inatoka inazunguka, kwa hiyo inanyooka. Goroli ni ngumu haishiki michirizi, ndo maana mtutu wake ni laini tu ndani kama bomba. Watoto wadogo wanaanza goroli mita 5, wakikua wanahamia peleti mita 10.

Sasa hiyo ya mbao yenye leva uliyoiona nadhani ni Red Ryder ya Daisy, imetoka 1940 mpaka leo ipo. Inameza goroli 650 tumboni, mwendo futi 350 hivi kwa sekunde, bei haifiki dola 100. Kwa kuchezea makopo ya karatasi nyuma ya nyumba na mzazi pembeni, nzuri. Kwa klabu siyo. Klabuni utakuta ndugu yake, 499, sura ile ile ila hiyo haina ghala, unapandisha leva halafu unadondosha goroli MOJA mdomoni kwa mtutu, inateleza mpaka chini inashikwa na kisumaku. Mwendo wake futi 240 tu. Mwanangu wa kwanza alivyoambiwa akasema baba hii ya watoto wadogo, akapiga kumi mita 5, matundu yote ukiyafunika na sarafu ya kwota huoni kitu. Kunyamaza.

Na hilo la goroli moja moja lina faida nyingine ambayo watu hawaizungumzii. Mtoto akiwa na goroli 650 anamwaga tu chaka chaka chaka, akiwa na moja anafikiri. Pia wewe uliyesimama nyuma yake unaona kwa macho kama imejazwa au haijajazwa.

Hiyo ya 1,200 achana nayo kabisa. Yule binti wa Korea Kusini, Ban Hyojin, aliyechukua dhahabu Olimpiki ya Paris 2024 ya mita 10 akiwa na miaka 16, bunduki za mashindano kama yake zinatupa peleti kama futi 570 tu kwa sekunde, nusu ya lile boksi, na kitone cha katikati cha pointi kumi wanachokilenga upana wake ni nusu milimita. Tena alianza kulenga 2021, miaka mitatu tu nyuma, mwambie na shemeji hiyo. Ya 1,200 inahitaji mikono ya mtu mzima kuivunja, inaruka ikifyatuka, na peleti ikifika karibu na mwendo wa sauti inayumba na inapiga kelele mpaka jirani anapigia polisi 911.

Kitu kikubwa kuliko jina la bunduki ni je inamkaa. Mwambie akunje kiwiko, kitako kikae kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kwenye triga bila kujivuta. Kitako kikiwa kirefu mtoto anaegemea nyuma kama anakimbia moshi, hapo hata umpe ya Olimpiki hatapiga kitu. Na mpime jicho, atengeneze pembetatu kwa viganja, aangalie saa ya ukutani macho yote wazi, halafu avute mikono mpaka usoni, jicho lile itakalokwenda ndo jicho lake la kulengea. Mapacha wangu mmoja anaandika kulia lakini jicho lake ni la kushoto, tulipoteza msimu mzima tukidhani hana kipaji.

Kibogoyo254

Bana sisi tulikuwa na feya (manati) na mawe na tuliona maisha. Lakini huyo mtoi mpeleke, kwanza siku hizi wakikaa nyumbani ni simu tu. Swali langu kwa mkuu hapo juu, si mtu anaweza tumia zile goroli za baiskeli, ziko nyingi na ni bure

BabaMapacha

Hahaha haziingii ndugu yangu, za gurudumu la mbele tu zinakaribia milimita 4.8, mtutu ni 4.5. Na hata goroli zake zenyewe ukishazipiga usiokote kurudisha, zinakuwa na vibonyeo huzioni kwa macho, zinakwama au zinakwaruza mtutu. Chupa ya goroli elfu kadhaa ni hela kidogo sana.

FundiSpringi

Nijibu la hiyo mbovu maana hapo ndo kwangu. Mkuu Mtanga, kabla ya yote, umesema ni tupu. Umejuaje?

Za pampu zinazotumia goroli zina ghala ndani ya bodi, halafu kuna kijia chembamba ambacho goroli zinapita kwenda kwenye sumaku ya boliti, kile kipini unachovuta nyuma. Ili zipite lazima uinamishe mtutu chini utikise kidogo ndo uvute boliti. Usipoinamisha unafyatua upepo mtupu mara tatu, mara kumi, unasema imeisha, kumbe mzigo wote upo ghalani umelala. Toa makoti, sefti (kizuizi cha triga) weka, usiipampu, elekeza sakafuni, tikisa. Ukisikia chakacha chakacha kaa chini utafakari.

Sasa upepo unaovuja. WD-40 siyo oili ya kutunza bunduki ya upepo, inasafisha kwanza halafu ikikauka inaacha utando wa kunata, na sili (mipira ya kuzuia hewa) zingine inazila. Futa yote. Vuta mkono wa pampu wazi mpaka mwisho, chungulia kwenye mfereji chini, utaona kichwa cha pampu na pengine kipande cha feti kama utambi wa jiko la mchina. Weka matone manne matano ya oili pale, ama ile wanayouza ya bunduki za pampu na gesi, ama oili ya injini ya kawaida namba 30 isiyo na ditajenti, pampu taratibu mara kadhaa, iache usiku kucha ili sili inywe. Nusu ya hizi za dola 15 zinapona hapo hapo. Isipopona ni oringi au vali, seti yake ya sili inauzwa, lakini kuifungua inataka subira, kuna springi ndogo itakurukia chini ya kochi hutaiona mpaka uhame.

Msichanganye oili jamani. Za leva kama Red Ryder nazo zinataka matone mawili ya oili hiyo hiyo ya injini mara moja moja. Lakini za kuvunja mtutu zenye springi kali, ukiweka oili ya petroli kwenye chumba cha mgandamizo, hewa ikibanwa inapata moto, oili inalipuka kama dizeli, utaona moshi na utasikia mlio kama wa bunduki ya kweli, springi na sili kwisha. Hizo ni silikoni maalum tu na kidogo sana. Na usizifyatue bila peleti, pistoni inagonga ukuta kavu.

Nyingine ya vidole. Ya kuvunja ukiwa unaweka peleti shika mtutu kwa mkono mwingine muda wote, na usiguse triga ikiwa wazi, mtutu unarudi kwa kasi unakata. Ya leva mtoto asiachie leva katikati ya safari, aende nayo mpaka mwisho na arudi nayo, kidole kisikae katikati.

Kusafisha mtutu wa peleti usijisumbue kila wiki, kamba yenye kitambaa kidogo ivutwe kutokea nyuma kwenda mbele inatosha, usiingize brashi ya chuma. Baada ya kupiga, nje ifute jasho la mikono kwa kitambaa chenye oili maana kutu inaanza na alama za vidole. Za pampu mimi huweka na pampu moja ndani ndo nazihifadhi, sili inabaki imefunga haiingii vumbi.

BabaMapacha

Fundi kwenye hiyo ya mwisho tutagombana. Pampu moja ndani kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 10 mimi nasema hapana, ikiwa na hewa ni bunduki iliyojazwa. Heri ninunue sili mpya kila miaka mitatu.

FundiSpringi

Sawa, kwangu watoto washaondoka wote na kabati lina kufuli. Kwenye nyumba yenye watoto nakubali, iwe kavu kabisa.

Dada_wa_Dayton

Kaka Mtanga mimi sina utaalamu wa springi, ni nesi tu, na nina watoto wawili wa kiume. Nakuomba unisome polepole.

La macho kwanza. Goroli ya chuma ikipiga tofali, jiwe, mbao ngumu, inarudi. Inarudi ilikotoka na bado ina nguvu. Jicho halina spea. Nunua miwani ya kinga yenye alama ya Z87.1 kwa kila atakayekuwepo, aliyeshika na wanaoangalia, na yule mdogo aliyejificha nyuma ya mlango anachungulia. Miwani ya jua ya dola mbili haihesabiki. Kama mtapiga nyumbani besimenti, boksi kubwa lijazwe matambara au ning'iniza zulia kuukuu lisikazwe, lining'inie linyonye ile nguvu ya kugonga, usipige goroli kwenye chuma kabisa. Akihamia peleti, zile ni madini ya risasi, ni sumu taratibu, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na wasiziweke mdomoni, nimeshaona mtoto anazishika kwa meno kama fundi cherehani anavyoshika pini.

La pili ndo limenifanya niingie hapa. Mimi naishi Ohio. Novemba 2014 Cleveland, Tamir Rice, miaka 12, alikuwa kwenye bustani ya umma na bunduki ya plastiki ya kuchezea, ya erosofti (inarusha vigoroli vya plastiki), kile kialama cha rangi ya chungwa mdomoni cha kuonyesha ni ya kuchezea hakikuwepo. Gari la polisi lilifika, ndani ya sekunde mbili hivi kapigwa risasi, kesho yake akafa. Agosti mwaka huo huo, Beavercreek, hapa jirani kabisa na kwangu, John Crawford, miaka 22, alichukua bunduki ya goroli rafuni dukani, anatembea nayo huku anaongea na simu, kapigwa risasi na polisi humo humo dukani. Bunduki ya kuuzwa, kwenye duka linaloiuza.

Watoto wetu ni weusi. Mtoto wa jirani yako anaweza kukatiza barabara na Red Ryder begani na watu wakampungia mkono. Wako hapana. Sikwambii umnyime, nakwambia bunduki isitoke mlangoni kwako bila begi lake lililofungwa zipu, iingie buti ya gari, itoke mstarini. Asiibebe mwenyewe kwenda kwa rafiki, asiicheze uwanjani mbele ya nyumba, asipige nayo picha ya kuposti. Na isiwe kwenye begi la shule hata kwa kusahau, hata chupa ya goroli, huko shuleni ni kufukuzwa. Angalia na sheria za mji wako, miji mingi hairuhusu kufyatua ndani ya mipaka yake hata ukiwa kwako, na ukisafiri kumbuka New Jersey bunduki ya upepo wanaihesabu ni bunduki kamili.

Na huyo wifi yetu wa Bukavu msimshinde kwa maneno. Mpeleke akaone.

Mswahili_Leicester

Asante dada, umenitoa machozi asubuhi. Huku Uingereza niongeze tu kwa walioko huku, chini ya miaka 18 hanunui wala hanunuliwi ikawa mali yake, chini ya 14 anapiga akiwa na msimamizi wa miaka 21 kwenda juu, na ukiiacha mahali mtoto anaifikia kosa ni lako. England na Wales hakuna haja ya leseni ikiwa nguvu yake ni chini ya futi-pauni 12, kama jouli 16, lakini ukivuka kwenda Scotland unahitaji cheti tangu mwisho wa 2016. Jamaa yangu alikuwa anahamia Glasgow anashangaa.

Mtanga_KY

Wakuu nimerudi. Nimekaa siku nne bila kujibu na mtaelewa.

Fundi nilifanya ulivyosema. Nimetoa makoti, nimeelekeza sakafuni, nimetikisa. Chakacha. Nikakaa kwenye kochi nikiwa nimeishika vile vile. Wiki mbili hizi shemeji yangu alikuja akaiona akapiga nayo picha kamlenga mwanangu mdogo wa miaka minne wanacheka wote, na mimi nikiwa nasema usijali hiyo tupu. Niliifungua kale kamlango ka pembeni nikaigeuza, zikatoka, nimehesabu 43. Nilimwonyesha mama Z zote kwenye bakuli, sikumficha. Hakusema kitu muda mrefu, halafu akasema kwa hiyo aliyehitaji kufundishwa ni wewe.

Ile ya dola 15 nimeipa fundi mmoja anachukua za spea. Sikutaka hata kujaribu oili.

Jana tumekwenda klabu wote watatu, mama Z kakaa kwenye kiti cha nyuma na koti hajalivua, mkoba mapajani. Dakika arobaini za kwanza hakuna mtoto aliyegusa bunduki. Walikuwa wanafundishwa kuuliza tu, mtutu unaangalia wapi, kidole kipo wapi, imejazwa au haijajazwa na umejuaje. Ile ile Fundi aliyoniuliza. Halafu kila mtoto akapewa goroli tano kwenye kifuniko cha chupa. Z jicho lake ni la kushoto, dada wa klabu alimpima kwa viganja kama alivyosema BabaMapacha, akambadilisha bega. Tano zake, tatu kwenye kadi yake, moja kwenye kadi ya jirani yake, moja haijulikani ilipo. Alipokuwa analala chini kupiga, mama yake alisimama akaenda kumwekea miwani vizuri maana ilikuwa imepanda kwenye nywele, akarudi akakaa. Fomu kaisaini yeye. Kwa sharti bunduki zibaki klabu mpaka aseme yeye, nimekubali bila kujadiliana.

Dada wa Dayton, maneno yako nimemsomea Z, siyo yote, ya begi na zipu na ya kutopiga picha. Aliuliza kwa nini rafiki yake anaruhusiwa. Nikamjibu. Sitaandika hapa nilivyomjibu.

Swali la mwisho tu jamani. Lile bakuli la goroli 43 mdogo kalipiga teke, zimeingia kwenye zulia la sebuleni nyuzi ndefu, nimeokota 29. Zilizobaki natoaje, vakyumu inapiga kelele kama inatafuna kokoto

FundiSpringi

Zima vakyumu utaua feni. Sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, pitisha taratibu kama unapiga pasi, halafu geuza mfuko nje ndani zinaanguka zote. Hesabu mpaka zifike 43.

Mtanga_KY

42

FundiSpringi

Chini ya kochi.

Mtanga_KY

Ilikuwa kwenye soksi ya mdogo. 43.